Sifuri ya Ijumaa

Siku ya soko mjini Tukuyu hakuna anayetembea moja kwa moja. Unakwepa mikungu ya ndizi, unakwepa magunia ya viazi, unakwepa tope. Asubuhi moja ya mwezi Machi 1999, manyunyu yakianguka kama yalivyozoea, msichana mmoja aliyakwepa yote hayo akasimama mbele ya duka la vinywaji la Ackson, mtaa wa Msasani. Alivaa sketi ya kijivu iliyonyooshwa kwa pasi na sweta jekundu, lakini miguuni alikuwa na viatu vya mpira vilivyotapakaa tope hadi karibu na magoti. Mkononi alishika kasha la plastiki la bluu.

"Habari za asubuhi, kaka. Friza yako inagandisha kweli, au inapoza tu?"

"Inagandisha mpaka chupa zinapasuka, dada. Nikupe soda gani?"

"Sitaki soda. Nataka unigandishie hivi." Akatoa vipande vinne bapa vya plastiki vilivyojazwa maji, vya kupozea kasha lake. "Jokofu la kazini limejaa chanjo."

"Na mimi nitapata nini?"

"Utaniona mara mbili kwa wiki."

Ali, muuza mitumba wa mlango wa pili, alikuwa akitundika makoti. Akasema bila kugeuka, "Mshikaji, hapo usiombe punguzo."

Friza hiyo Ackson aliinunua Mbeya ikiwa imetumika, biashara zilipofunguliwa na kila mwenye akili akajaribu bahati yake. Aliifuta vumbi kila asubuhi na kuifunika kitambaa cha kudarizi. Hakuwahi kumruhusu mtu kuweka kitu chake humo. Siku hiyo aliruhusu.

Msichana aliitwa Sekela. Kazi yake katika ofisi ya afya ilikuwa kufuatilia magonjwa ya watoto yasiyoonekana mara kwa mara. Kila Ijumaa alikuja kutumia simu ya dukani kusoma taarifa ya wilaya kwa wakubwa wake wa Mbeya, na kila Ijumaa taarifa ilikuwa ile ile: sifuri. Kufika mwezi Mei walikuwa wakiitana mpenzi, na Ackson alikwishaizoea taarifa hiyo kama wimbo wa redio.

"Mpenzi, unapiga simu mpaka Mbeya kuwaambia hakuna kitu?"

"Ndiyo kazi yenyewe. Natafuta mtoto ambaye jana alikuwa anakimbia, leo mguu umelegea ghafla. Unaweza kumaliza mwaka usimpate. Lakini zahanati isiponiletea karatasi, siwezi kusema haina mgonjwa. Kunyamaza si sifuri, Ackson. Anayenyamaza mimi namdhania anaficha."

"Basi na mimi natoa taarifa. Wanawake wengine wiki hii, sifuri."

"Nitakuja kukagua."

"Njoo hata leo. Nitafunga duka."

Alicheka, akampiga begani kwa daftari lake.

Mwezi wa sita mambo yakabadilika. Ijumaa moja Sekela alishika simu, akageuka ukutani, akaziba mdomo kwa kiganja. Ackson alisikia maneno machache: Suma. Kisha, "Siku ya sitini nitarudi mwenyewe." Siku mbili mfululizo alichukua barafu alfajiri, akarudi jioni macho mekundu.

"Ulikuwa wapi, mpenzi?"

"Kazini."

"Kazini wapi?"

"Kazini, Ackson. Nipe maji."

Kata ya Suma haikuwa ngeni kwake. Dada yake Atuganile aliolewa huko. Lakini mwaka mzima hakuwa amekanyaga, tangu alipokosa mazishi ya baba mkwe wa dada yake kwa sababu ya lori la soda lililokuwa linashusha mzigo. Katika Rungwe mtu anaweza kukosa harusi akasamehewa. Mazishi hapana. Kwa hiyo hakuwa na wa kumuuliza.

Ali ndiye aliyemletea habari. "Nimemwona shemeji kule Suma nilipokwenda kuuza. Anapita nyuma ya migomba."

"Nyuma ya migomba kufanya nini?"

"Sijui. Ila mwenye safari njema anapita njiani, watu wamsalimie." Akatazama droo ya meza, mahali ambapo barua ya posa ilikuwa imelala wiki ya pili sasa. Yeye ndiye aliyekuwa mshenga. "Vipi, Jumapili hii niipeleke Igogwe kwa wazazi wa shemeji?"

"Iache kwanza."

Toka hapo shaka ikala na kulala naye. Alimchunguza tope la viatu, rangi yake na kimo chake. Alinusa kitenge chake, akasikia moshi wa jiko la kuni la nyumba asiyoijua. Kwenye kalenda ya ukutani alianza kuhesabu kutoka ile Ijumaa, akaichora alama siku ya sitini. Mwanamke anayemwahidi mtu siku ya kurudi, huyo mtu ni nani?

Sekela alipokuja tena na vipande vyake, Ackson hakuinua macho.

"Friza imeharibika."

Sekela akaweka kiganja ubavuni mwa friza. "Mbona inanguruma vizuri?"

"Kwako imeharibika. Peleka barafu zako huko Suma wakugandishie."

Msichana akaondoa kitambaa cha kudarizi. Kisha akafungua mfuniko, akachomoa vipande vyake vilivyokuwa ndani, akavitia kwenye kasha vikigongana. "Kuna jambo siwezi kukuambia," alisema. "Nilidhani utanisubiri." Akatoka bila kufungua mwavuli.

Siku ya sitini iliangukia Agosti, baridi kali na ukungu mpaka milangoni. Ackson alivaa koti lake jeusi la mtumba, akapanda gari la mapema hadi Suma. Haikuwa kazi kumpata. Nyayo za viatu vya mpira zilikuwa mbichi kwenye tope, zikaacha njia, zikaingia nyuma ya migomba. Alizifuata akipanga maneno atakayomwambia huyo mwanamume.

Nyayo zilikoma kwenye mlango wa uani. Akausukuma.

Ndani, Sekela alipiga magoti juu ya mkeka, ameshika unyayo wa mtoto wa kike wa miaka minne. "Sukuma mkono wangu, mama. Sukuma kama unanifukuza." Kando yao alikaa Atuganile. Ackson alikuwa hajawahi kuiona nyumba ya dada yake kwa nyuma.

"Kaka," Atuganile alisema, "umekuja kwa mlango wa wezi."

"Mwanao Tulia ana nini?"

"Aliamka asubuhi mguu umelegea. Hapa kila mtu anamkumbuka ambaye hakuja msibani. Wangesema marehemu amechukua mguu wa mjukuu wake kwa sababu yako, na jina lako lisingesafishika tena kijijini. Nikamfungia ndani, nikasema yuko kwa bibi yake. Mganga wa mitishamba niliyemwita ndiye aliyemtumia habari huyu nesi. Nilimwapisha asimwambie mtu, na wewe wa kwanza."

Ackson akamgeukia Sekela. "Ulijua huyu ni dada yangu?"

"Picha yako iko ukutani. Umevaa koti hilo hilo."

Sekela aliendelea na kazi, akaandika, kisha akaeleza kwa sauti ya kazini kwamba majibu ya maabara ya choo cha mtoto, alichokipeleka kwenye barafu siku zile mbili, yalikwisharudi: si polio, na mishipa inapona polepole. Akamsimamisha mtoto. Tulia aliutazama ukuta kama mtu anayeutazama mto, akavuka, mguu wa kushoto ukiburura kidogo. Alipoufikia aligeuka kuona kama wanatazama. Atuganile aliinamisha kichwa akasema taratibu, "Ndaga, Kyala." Ahsante, Mungu.

Wakirudi njiani, safari hii mbele ya watu, Ackson alisema, "Nisamehe, mpenzi."

"Nimekusamehe. Kukuamini ni jambo jingine."

"Lakini wewe ndiye uliyenifundisha. Anayenyamaza anaficha. Na wewe ulinyamaza."

Sekela alisimama katikati ya tope. Mama mmoja mwenye kikapu cha chai aliwapita akiwatazama. "Hapo umenishika," alisema. "Ningeweza kukuambia kuna mgonjwa, jina lake silitaji. Nilikosa."

"Basi tumelingana."

"Hatujalingana hata kidogo. Mimi nilificha mguu wa mtoto, wewe ulinizulia mwanamume." Akaanza kutembea. "Mguu uliolegea tunaupima tena baada ya siku sitini. Na wewe nitakupima hivyo hivyo. Kila Ijumaa niletee karatasi ofisini. Andika umenishuku mara ngapi na kwa lipi. Kama hakuna, andika sifuri. Usinyamaze."

Jumapili iliyofuata Ackson alikwenda Suma kwa njia ya mbele, pamoja na wazee wawili wa ukoo, akakalia mkeka wa msiba uliopoa mwaka mzima. Shemeji yake alimtazama mpaka chai ikapoa, kisha akamsogezea kigoda. Tulia akatolewa nje, jua likamwona.

Ijumaa ya kwanza karatasi ilisema: *Mara tatu. Moja, ulicheka na dereva wa lori la mchanga.* Jibu lilirudi chini ya karatasi ile ile: *Ni mjomba wangu.* Ijumaa ya pili, mbili. Ya tatu na ya nne, moja moja. Ya tano, sifuri. Ya sita, sifuri. Ya saba, sifuri.

Ijumaa ya nane simu ya dukani ikalia.

"Haloo, duka la vinywaji."

"Sifuri tatu mfululizo, Ackson. Zahanati ikinipa sifuri tatu mfululizo huwa siiamini."

"Unafanyaje?"

"Nakwenda kukagua mwenyewe. Saa kumi."

Alifika saa kumi kamili, sweta jekundu, viatu vya mpira, kiti cha kukalia akakikataa. Akaondoa kitambaa cha kudarizi, akafungua friza, akapitisha mkono chini ya chupa. Huko chini akakuta kipande kimoja cha barafu kilichoganda kama jiwe, kimefungwa kwa kitambaa safi.

"Hiki ni changu."

"Siku ile ulikisahau."

"Na hukukitupa?"

"Nilikuwa nakusubiri. Ulisema ulidhani nitasubiri."

Akakiweka juu ya meza, akavuta droo bila kuomba. Bahasha ilikuwa humo, pembe zimeanza kujikunja. Alisoma jina la baba yake lililoandikwa juu. Hakuifungua.

"Hii hukuitaja kwenye taarifa hata mara moja."

"Uliniuliza nimeshuku nini. Hukuniuliza nataka nini."

Nje, Ali alikuwa ameacha kutundika makoti na hakuwa anajificha. Sekela alitoka hadi mlangoni kwake, akampa bahasha.

"Shemeji, njia ya Igogwe Jumapili itakuwa na tope," alisema. "Vaa viatu vya mpira, na upite njiani, watu wakusalimie."