Safu Ambayo Severina Hakuifunga

Ukungu ulikuwa umeshashuka Igowole Lusia aliporudi ofisi ya parokia kuchukua khanga aliyoisahau. Mwanawe Benedicta alikuwa amelala mgongoni.

Kusahau gani! Khanga aliiacha makusudi.

Mwaka ule watu walikuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, na Padri Liberatus alitaka kitabu cha zamani cha ubatizo kinakiliwe. Mchwa walikuwa wamekitafuna. Majina yalielea bila mistari, na kwanza ilibidi safu zichorwe upya. Lusia alipima kwa rula mpaka macho yakamuuma. Mwenzake Severina alifumba macho tu, mkono ukaenda wenyewe, na kila jina likarudi chumbani mwake.

"Mama Kalinga ana mkono wa baraka," padri alisema, akimwonyesha Severina. "Nitabaki na yeye."

Neno hilo lilimkaa Lusia kooni kama mwiba wa samaki. Baraka! Na mbona safu ya mwisho, ya waliofariki, Severina haifungi?

"Dada, umesahau au umechoka?" alimtania mchana.

"Iache hivyo hivyo, Mama Bene," Severina alinong'ona.

Basi ataifunga yeye. Kesho padri ataona nani anaijua kazi.

Aliketi kwenye kiti cha Severina. Akashika kalamu ya Severina. Akafumba macho.

Krr... krr... krr...

Kama mchwa ndani ya mbao. Harufu ya udongo mbichi ikapanda. Vidole vikaingia ubaridi, na mkono ukaenda.

Wenyewe.

Ukashuka, ukakata kona, ukafunga. Alipofumbua macho, chini kabisa ya safu ile ya waliofariki kulikuwa na jina ambalo halikuwapo, kwa wino uliofifia wa miaka mingi.

Benedicta. Mama: Lusia.

"Umeifunga?"

Severina alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama Kalinga, nilitaka tu..."

"Hata mimi nilitaka tu." Hakumtazama Lusia, alitazama mgongo wake. "Niliifunga siku ya kwanza, mara moja tu. Ndipo mkono ulipoanza kwenda wenyewe."

Lusia alifungua kinywa amuulize Kalinga yuko wapi. Miaka yote wanamwita Mama Kalinga, na huyo Kalinga hajawahi kumwona.

Alipeleka mkono nyuma, akampapasa mwanawe. Ana joto. Anapumua. Asante, Mungu wangu...

Kisha, ndani ya mbeleko, taratibu...

Krr.