Nilikataa Gari la Kukodi, Mama Akaishia Mpakani

Wasomaji wenzangu, nina miaka hamsini na mbili, mjane, mkulima wa alizeti na vitunguu hapa Kinampanda. Haya ninayoyaandika sijamwambia mama yangu mzazi, ingawa tunalala chumba kimoja na mimi ndiye ninayemgeuza ubavu kila asubuhi. Nawaambia nyie kwa sababu hamnijui. Mkitaka kunitukana, nitukaneni. Nastahili!

Mama ana miaka themanini. Kwao walizaliwa wengi lakini walibaki wawili tu, yeye na mdogo wake. Bibi yetu alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, mama akiwa na miaka kumi. Akamfunga yule mtoto mgongoni kwa kanga, akalima naye, akachota maji naye, mpaka akakua. Kwa hiyo huyo mama mdogo kwa mama yangu hakuwa mdogo wake tu. Alikuwa mtoto wake wa kwanza.

Mama mdogo aliolewa na fundi wa reli, wakahamia Zambia. Miaka zaidi ya arobaini! Alirudi nyumbani mara moja tu, babu alipofariki. Baada ya hapo ni salamu za simu.

Mwaka jana, tumemaliza kuvuna, mwanawe akapiga simu. Akasema mama yake ana kansa ya ini, hospitali wamemruhusu arudi nyumbani maana hakuna la kufanya tena, na kila akiamka anamwita dada yake. Nikamweleza mama. Hakulia. Alisema neno moja tu: "Nipelekeni."

Sasa tumpelekeje? Mama alianguka uani miaka miwili iliyopita, nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya. Kukaa kitako dakika kumi ni mateso. Basi haliwezekani kabisa. Ilitakiwa gari tung'oe viti vya nyuma, tutandike godoro, alale mpaka huko.

Mdogo wangu Elia ni mwalimu, mtu wa taratibu, hata chai anaipuliza mara tatu. Alienda Singida mjini akampata mtu anayekodisha magari kwa safari za nje. Gari lina kadi, lina bima ya kuvukia mpaka, lina vibali, na dereva wake Zambia anaingia na kutoka kila mara. Elia akatoa hela ya kishika mkono, gari lisichukuliwe na mwingine. Tuondoke Jumatatu, akasema, hati zetu za kusafiria zimeshatoka, hatuna la kusubiri.

Mimi nikawaka moto! Nikamwambia Elia, hivi wewe una akili? Hela yote hiyo tumpe mtu, halafu gari tumrudishie? Kwa kuongeza kidogo tu tunanunua la kwetu, tunamfikisha mama, tunarudi nalo, linabeba alizeti yangu mpaka lizeeke. Kukodi ni kumwaga maji kwenye mchanga! Hayo ndiyo niliyoyasema kwa mdomo.

Moyoni kulikuwa na jingine, na leo nalitoa. Elia alisomeshwa, mimi nikabaki na jembe. Kila jambo la ukoo ni "muulizeni mwalimu." Nilitaka safari hii mama aseme imefanywa na binti yake. Nilitaka nifike ugenini niteremke kwenye gari langu, siyo la watu. Majivuno, ndugu zangu! Majivuno ya mwanamke aliyeuza vitunguu vizuri msimu mmoja.

Kulikuwa na mtu anaitwa Zakaria, wa Nduguti, mzee wa kanisa, rafiki wa marehemu mume wangu. Ananiita shemeji. Siku mume wangu anazikwa yeye ndiye aliyeshika msalaba. Alikuwa na gari, Noah ya kijivu, safi, anaiuza kwa haraka kwa sababu, alisema, anajenga. Nikauza maksai wangu wote wanne na magunia ya alizeti niliyokuwa nimeyaweka yasubiri bei.

Sisi huku mnajua tunavyonunua. Ukinunua ng'ombe, mnakwenda kwa mtendaji wa kijiji, mashahidi wawili wa kwako, wawili wa kwake, mnaandikishana, mtendaji anagonga mhuri, mchezo umekwisha. Hakuna atakayekuuliza kitu mpaka kufa kwako. Basi gari nililinunua vilevile. Tukaandikishana, picha zetu zikabandikwa, mhuri wa bluu ukagongwa paaa! Nikaukunja ule mkataba nikauweka ndani ya Biblia.

Kadi ya gari alinipa kopi. Jina lilikuwa la mtu wa Arusha. Zakaria akasema ndiye aliyemuuzia, kadi halisi ipo kwake huko, mkirudi kutoka safari tutabadilisha jina, kwani haraka ya nini, shemeji? Kweli nikaona, haraka ya nini? Mzee wa kanisa anidanganye mimi?

Halafu nikafanya lile linaloniuma kuliko yote. Nilichukua namba ya yule mkodishaji kwenye simu ya Elia, nikampigia, nikamwambia safari imeahirishwa, gari alitoe kwa mtu mwingine. Elia hakuniagiza. Wala hakujua!

Alijua Jumapili, alipokuta Noah imeegeshwa uani na watoto wanaizunguka. Nikamwonyesha mkataba. Akausoma, akageuza kopi ya kadi, akanitazama. Akaniambia, "Dada, maksai haandikwi jina la mtu kwenye pembe. Gari lina jina." Nikamjibu makaratasi ya shule yamekuharibu, mwalimu, wewe shika usukani tu. Akampigia yule wa mjini, akaambiwa gari limeshachukuliwa na watu wa harusi.

Akaanza kung'oa viti vya nyuma. Mama tulimtoa nje na kiti, akapapasa mlango wa lile gari kwa kiganja, akasema, "Mwanangu... umeninunulia gari?" Machozi yalinitoka kwa furaha. Leo nikikumbuka kile kiganja natamani ardhi inimeze.

Tulitoka alfajiri ya Jumatatu. Jirani walikuja kutuaga, kina mama wakapiga vigelegele. Nyuma tulikuwa na madumu ya mafuta ya alizeti na ndoo ya asali. Mama mwenyewe alishika kifuko cha mlenda mkavu, aliouagiza kwa wajukuu, wakauanika, akauchambua kwa mikono yake akiwa amelala. Alisema huko Zambia mdogo wake hapati mlenda wa kwetu. Kile kifuko hakukiweka chini. Alikilaza kifuani.

Barabara ya Itigi mpaka Mitundu ni vumbi na mashimo. Kila shimo mama alikuwa anauma kanga asipige kelele. Nikimuuliza kama tupumzike anasema, "Twendeni, ananisubiri." Siku ya pili mchana tukaingia Tunduma. Mama aliposikia tumefika mpakani akaomba nimsuke nywele upya, asije akaonekana amechoka. Nikamsuka, tumeegesha pembeni ya malori.

Afisa aliyetuhudumia alikuwa binti mdogo, mpole. Alimwamkia mama shikamoo kupitia dirishani. Hati zetu zikaonekana sawa. Kisha akaomba kadi ya gari, halafu akauliza, huyu mwenye jina ni nani wenu?

Nikatoa mkataba kwenye Biblia! Nikatunisha kifua, nikamwonyesha mhuri, mashahidi, picha. Yule binti aliusoma wote, mstari kwa mstari, wala hakucheka. Akanirudishia kwa mikono miwili. Akasema, "Mama yangu, hii itakusaidia kijijini. Hapa nahitaji kadi halisi, na barua ya mwenye gari." Akaingiza namba za gari kwenye kompyuta. Nikaona uso wake unabadilika. Akaniomba nikae.

Jamani... lile gari lilikuwa linatafutwa!

Askari walimpigia mwenye gari wa Arusha, simu ikawekwa sauti ya juu. Nilisikia kwa masikio yangu. Alisema hajamuuzia mtu gari. Alimkodishia Zakaria kwa siku tano za harusi ya ndugu yake, na sasa ni mwezi wa tatu hajalirudisha!

Mmeelewa? Mimi niliyekataa gari la kukodi... nilikuwa nimelinunua gari la kukodi! Mimi mjanja! Mimi niliyemwambia mwalimu hana akili! Nikampigia Zakaria. Iliita, akapokea, akasema "Haloo, shemeji," akasikia ninavyohema, akakata. Mpaka leo hajapatikana.

Gari likashikiliwa. Askari hawakuwa na kosa, na walituonea huruma, ila sheria ni sheria. Askari wawili na Elia wakashika godoro pembe tatu, mimi ya nne, tukamshusha mama mbele ya watu wote, na nywele zake zimesukwa. Akauliza kuna nini. Na mimi bila hata kufikiri nikasema, "Gari limeharibika, mama. Fundi anatengeneza."

Tukapata chumba cha wageni jirani na mpaka. Kutoka dirishani ungeona bendera ya upande wa pili. Askari walisema mama na Elia wanaweza kuvuka, hati zao ni halali, mimi ndiye nibaki kuandika maelezo. Lakini wavuke na nini? Kila tulichokuwa nacho nilikiweka kwenye lile gari. Mtoto wa mama mdogo hakuwa na usafiri, na mtu wa kumwachia mgonjwa hakuwapo. Elia alipiga simu nyumbani tangu asubuhi hadi jioni akiomba msaada wa kukodi gari upande wa pili. Huyu alisema hali ngumu, yule akasema subirini Ijumaa.

Ningefanya nini? Nilikuwa naenda polisi, narudi, namkuta mama ameelekeza macho mlangoni. "Limetengemaa?" Bado, mama. "Fundi anasemaje?" Anasema kesho. Naenda, narudi. "Limetengemaa?" Bado.

Siku ya pili pale mpakani, jioni, simu ikaita. Yule mtoto akasema mama mdogo ameomba sauti ya dada yake. Nikamwekea mama simu sikioni. Walizungumza Kinyiramba. Mama mdogo maneno mengine alikuwa ameyasahau, anatafuta, anakosa, anaanza upya kama mtoto. Akauliza, uko wapi? Mama akajibu, "Niko mlangoni kwako. Nimekuletea mlenda. Usilale kabla sijaingia."

Mama mdogo akasema, sawa, dada, nakusubiri.

Hakuweza kusubiri. Asubuhi yake, kabla jua halijapanda, alifariki.

Na sasa sikilizeni dunia ilivyo. Habari ya msiba ilipofika Kinampanda, mchana haujaisha simu ya Elia ilikuwa inalia meseji juu ya meseji. Kanisa limetuma, kwaya imetuma, majirani wametuma. Watu wa kwetu kwenye msiba hawakosi mchango! Zilitosha kukodi gari lenye dereva, tena zikabaki. Jana yake zingetosha kumfikisha mtu kwa mtu aliye hai. Sililaumu kanisa. Nani alikuwa na maksai wanne akawageuza upepo? Ni mimi.

Elia akamuuliza mama kama tuvuke tukazike. Mama akakikanda kile kifuko cha mlenda. Akasema, "Nirudisheni nyumbani. Nilikuwa namfuata mtu. Sikuwa nafuata kaburi."

Basi tukarudi. Kwa gari la kukodi! Dereva alifika na makaratasi yake yote kwenye mfuko wa nailoni, akayakagua mwenyewe kabla ya kuwasha. Njia nzima Elia hakuniambia "nilikuambia." Hata mara moja. Angeniambia ningepata nafuu.

Ndugu zangu, sisemi kununua gari ni dhambi. Nunueni, lakini likiwa na kadi halisi mkononi na jina lako limeandikwa pale, siyo "tutabadilisha mkirudi." Na kama una safari moja ya nje, na kuna mtu anakusubiri huko, shuka chini, kodi kwa mwenye makaratasi yake, ufike, umrudishie gari lake. Kuna aibu gani? Msinunue chombo cha safari kama mnavyonunua ng'ombe. Na msimwamini mtu kwa sababu alishika msalaba kwenye msiba wako!

Mnajiuliza mama anajua nini. Anajua gari liliharibika. Nilimwambia tuliliuza huko huko kwa mafundi, akaamini. Elia amenipa hiari, amesema kinywa ni changu. Mara ngapi nimekaa kando ya kitanda nimefungua mdomo... nikaishia kumuuliza kama atakunywa uji?

Kile kifuko kimening'inia msumarini juu ya kitanda chake. Haruhusu mtu apike.

Jana asubuhi nilikuwa namgeuza, akanishika mkono. Akasema amekuwa akiwaza. Akasema angekuwa mzima angepanda basi kama watu wengine, angefika, na mimi nisingepoteza gari langu kwa ajili yake. Akasema, "Mwanangu, nisamehe. Ni hii nyonga yangu iliyotukosesha."

Nikamwambia, "Nimekusamehe, mama."

Mmesikia? Nimemsamehe! Mimi... nimemsamehe yeye!