Kichupa Namba Ishirini na Mbili

Kila siku kabla ya jua kuchomoza, kengele ya shule ya bweni ya wasichana katika mtaa wa Shari, mjini Bunia, ililia, na wanafunzi ishirini na wawili wa bweni la pili wakaamka wakiilaani kimoyomoyo, kwa kuwa kuilaani kwa sauti kulikatazwa. Walitandika vitanda, wakafagia ua, kisha wakamfukuza mbuzi wa shule jikoni. Mbuzi huyo aliitwa Inspekta. Hakuna daftari lililopita mbele yake bila kukaguliwa, na yeye alikagua kwa kumeza.

Wiki hiyo ratiba ilivurugika. Wasichana watano walishikwa na homa kali na kikohozi. Masera Suzanne, mtawa aliyekuwa mkuu wa shule, akafunga lango.

"Hakuna kutoka wala kupokea mgeni," alitangaza, "mpaka maabara itupe majibu ya kila mmoja wenu."

Tangazo hilo lilimchoma Léontine kuliko mwiba. Jumapili ilikuwa siku ya wageni, na mama yake, muuza samaki wa Mahagi-Port, aliweza kuja mara moja tu kwa muhula. Ubaya zaidi, tangu jana koo la Léontine lilikuwa likiwasha.

"Weye unakohoa," alinong'ona Bijou, jirani yake wa kitanda, ambaye alikuwa na pumu na masikio makali.

"Sikohoi. Ninasafisha sauti ya kuimba."

"Katikati ya hesabu?"

Alhamisi alifika muuguzi, Madame Monique, na sanduku la vichupa na vijiti vyenye pamba nchani. Kila msichana alipaswa kusugua nyuma kabisa ya koo mpaka machozi yamtoke, kisha kutia kijiti ndani ya kichupa chenye namba yake. Madame Monique aliwasimamia vizuri, mpaka msichana wa kumi na tisa alipomtapikia viatuni. Katika kizaazaa hicho, Léontine aliponyoka na kijiti chake hadi nyuma ya jiko.

Huko alimkuta Inspekta akicheua kwa heshima zote. Mbuzi huyo hakuwahi kupiga hata chafya. Nani angekuwa na koo safi kuliko lake?

"Fungua kinywa, muheshimiwa," alisema Léontine.

Inspekta, ambaye hakuwahi kukataa kitu chochote kilichoelekea kinywani, alifungua. Nusura ameze kijiti na vidole pamoja. Dakika moja baadaye, kichupa namba ishirini na mbili kilifungwa na msichana mwenye uso wa mtakatifu.

Jumamosi asubuhi Gauthier, fundi wa maabara, aliingia uani na pikipiki, akiwa amempakia Madame Monique. Bweni zima lilipanga mstari.

"Kumi na sita hawana virusi," alisoma. "Wale watano wagonjwa wanavyo. Lakini kichupa namba ishirini na mbili..." Alijikuna kichwa. "Mashine inasema ndani yake hakuna mutu."

"Hakuna mtu namna gani?" aliuliza Masera Suzanne.

"Masera, mashine yetu haina haraka. Pamoja na virusi, inatafuta alama ya mwanadamu, maana koo likisuguliwa vizuri, lazima liache chembe za mwenye koo. Ikikosa alama hiyo, inakataa kutoa jibu. Nimerudia mara mbili. Kwa mashine, huyu mutoto si mutu."

Vichwa ishirini na moja vilimgeukia Léontine. Wengine walimtazama miguuni, kuhakikisha kama alikuwa na kwato.

Masera Suzanne alimgeukia muuguzi. "Basi kijiti hakikufika kooni. Hiyo ni kazi mbaya, Madame. Nitawaandikia wakubwa wako."

Madame Monique alitazama viatu vyake, ambavyo bado vilikuwa na madoa ya Alhamisi.

Léontine angeweza kunyamaza. Wangempima tena, na kosa lingebaki kwa Madame Monique. Shahidi alikuwa mmoja tu, na shahidi huyo hakujua kusema. Lakini ndipo Inspekta akajitokeza jikoni, akapita mbele ya mstari wote, akasimama mbele ya Léontine na kupanua kinywa, akisubiri kijiti cha pili.

"Masera," Léontine alisema kwa sauti nyembamba, "Madame Monique hana kosa. Koo lile ni la Inspekta."

Gauthier alicheka mpaka akashikilia pikipiki asianguke. Masera Suzanne hakucheka, ingawa alilazimika kutazama mawingu kwa muda mrefu.

Léontine alisuguliwa koo mara ya pili, na safari hii Madame Monique hakumwondolea macho. Jioni Gauthier alirudi na jibu.

"Unavyo, tena vingi," alisema. "Mashine hunakili alama ya virusi maradufu, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ionekane. Virusi vikiwa vichache, inazunguka hata mara thelathini na tano. Vyako vimeonekana katika mzunguko wa kumi na nane. Umejaa kama sukari yenye sisimizi, na Masera anasema umelala siku mbili karibu na mwenye pumu!"

Léontine alimtazama Bijou, kisha akarudi nyuma hatua mbili.

Jumapili lango lilifunguliwa, isipokuwa kwa wagonjwa sita. Léontine alikaa kwenye dirisha la chumba chao. Mama yake alikuja, akasimama hatua chache kutoka dirishani, barakoa usoni na kikapu mkononi.

"Banasema nilizala mbuzi," alisema.

"Mama, nisamehe. Niliogopa nitakukosa."

"Sasa umenikosa? Si niko hapa?" Mama aliweka samaki wa kukaushwa dirishani, akarudi nyuma. "Sikia, mwanangu. Samaki mmoja aliyeoza, hata umfunike na wazima kumi, kesho kikapu kizima kinanuka. Ukimtoa mapema, unapoteza mmoja tu. Ugonjwa ni vile vile. Ukiuonyesha, watu watakusaidia kuubeba. Ukiuficha, watakubebea bila kujua, kama yule muuguzi alivyokaribia kubeba kosa lako. Ukipona, utamuoshea viatu."

"Ndiyo, Mama."

Uani, kando ya mlango wa bweni, Inspekta alikuwa amefikia karatasi ya majibu iliyobandikwa ukutani. Aliikagua yote, kuanzia jina la kwanza hadi la ishirini na mbili.