Kengele ya Mnara wa Kajaga

Siku Xavier, fundi wa kampuni ya intaneti, alipokosekana mezani pake ofisini, koti lake lilibaki kwenye mgongo wa kiti. Alikuwa ametoka mbio, ingawa mawingu yalikuwa yameshashuka juu ya ziwa. Mchana alikutwa chini ya mnara wa intaneti wa Kajaga, shingo imevunjika, vipande vya chupa ya bia vimetapakaa kando yake.

"Alikuwa amelewa," alisema Léonce, mkuu wake wa kazi. "Pombe nilimkataza mara ngapi!"

Inspekta Jovithe aliinama juu ya mwili. Shati lilinuka bia kama meza ya baa. Mdomo haukunuka kitu.

Kesho yake daktari aliyepasua maiti alipiga simu. Katika damu hamkuwa na pombe hata tone.

Jovithe alipanda hadi mtaa wa Gihosha kumwona mjane. Nella alikuwa amekaa mkekani katikati ya wanawake waliokuja msibani. Hakuuliza ni nani wa kulaumiwa.

"Afande, kweli alikuwa amelewa? Watoto wangu wanachekwa ku shule."

"Damu yake ni safi, mama. Lakini mkuu wake anasema vingine, na wote wanamwamini yeye. Nipe muda nijue kwa nini."

Ofisini kwa marehemu kulikuwa na ushindani wa chini kwa chini. Kampuni ilikuwa inachagua programu ya kuchunga mtandao, ile inayouliza kila mnara tena na tena kama uko hai, na kupiga kengele mnara usipojibu. Léonce alitaka moja, Xavier alitaka nyingine. Wakurugenzi wakaamua zote mbili zijaribiwe pamoja. Itakayoona hitilafu vizuri ndiyo ichukuliwe.

"Siku ile yangu ilipiga kengele kwamba Kajaga imekufa," Léonce alieleza. "Ya Xavier ikanyamaza. Akaona haya, akakimbilia huko."

"Peke yake?"

"Peke yake. Kichwa ngumu."

Joëlla, fundi mwenzake Xavier, alimfuata inspekta hadi langoni.

"Shefu anadanganya, afande. Mnara tunapandaga wawili. Mmoja juu, mwingine chini anashika kamba na anapima neti na telefone. Mi ndiye nashikaga. Siku hiyo nimeshavaa kofia, shefu akaniambia: we baki."

Jovithe alishuka Kajaga. Hatua chache kutoka mnarani, Dorothée, mama wa Kikongo, alikuwa anaanika ndagala, dagaa wa ziwani.

"Ulimwona akipanda?"

"Nilimuona. Nilikuwa naongea na dada yangu wa Uvira, kwa video. Namuona mpaka meno."

"Wanasema mtandao ulikuwa umekufa."

"We afande! Neti ikikufa, kuna mutu anaonekana mpaka meno?" Akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Nilimuita: kijana, shuka, neti iko! Akanijibu: mama, mashine imesema iko mufu, na shefu amenituma. Mvua ikapiga. Nikakimbiza ndagala zangu ndani. Nikasikia kitu kimeanguka."

"Ukafanya nini?"

"Nikapiga ile namba ya ku mulango wa mnara. Huyo shefu wao akafika na gari. Alikuwa na chupa mu mukono. Nilizania ni maji."

Jovithe alirudi ofisini na kumwomba Joëlla afungue programu zote mbili. Ile ya Xavier ilionyesha kwamba mnara wa Kajaga ulikuwa mzima siku ile yote. Katika ile ya Léonce, anwani ya mnara ilikuwa imebadilishwa asubuhi ile. Programu ilikuwa inaita mahali ambapo hapakuwa na kitu, na kwa kuwa hakuna aliyejibu, ikapiga kengele.

"Neno la siri la programu hii analo nani?"

"Shefu tu," alisema Joëlla.

Katika chumba cha mahojiano Léonce alikana kwanza. Jovithe alimsomea maneno ya Dorothée, polepole, mpaka kwenye chupa.

"Programu ya Xavier haikulala," alisema inspekta. "Hapakuwa na hitilafu ya kuona."

Léonce alifunika uso.

"Ilikuwa inaishinda yangu kila siku. Nami nilishawaapia wakurugenzi kuwa yangu haina mpinzani. Nilitaka wasikie kengele mara moja tu. Angefika juu, ningerudisha anwani, ingeonekana ametengeneza."

"Joëlla ulimzuia kwa nini?"

"Angepima. Angejua mnara ni mzima."

"Ukaona mvua inakuja."

"Niliiona."

"Na bia?"

"Niliogopa wangeuliza nani amemtuma."

Jovithe alikwenda mwenyewe kumweleza Nella. Alimwambia yote, hata lile la Dorothée kumwita ashuke. Nella alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaingia ndani.

Sasa Léonce yuko rumande, na kesi haijapangiwa siku. Nella amehamia Gasenyi na watoto, kwa mama yake. Akiulizwa mumewe alikufa vipi, hujibu kwamba alitumwa kazini.