Oili Iliyopanda Mukuyuni

Haya yalimpata mjomba wangu Kisilu. Kama huamini, shauri yako. Mimi mwenyewe ningefurahi kutoyaamini. Ulikuwa mwaka wa njaa, 1984, na akina mama walikuwa wamefika mapema kwenye posho mili, mashine ya kusaga aliyoiendesha pale Mukuyuni, wakiwa na mahindi ya manjano ya msaada. Mjomba aliwatania kidogo, kama kawaida yake. Kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili ya injini, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena. Injini ile ilibeba galoni moja, si zaidi. Asubuhi hiyo oili ilikuwa imepita alama ya juu.

Hakuna aliyeongeza. Alikinusa kijiti, akidhani dizeli imevuja ndani. Haikuwa dizeli. Na ingawa injini ilikuwa imelala bila kuwashwa, oili ilikuwa ya moto.

Mili ilikuwa ya kaka yake, Mwangangi, aliyenaswa na mshipi wa injini hiyo akafa. Kwetu Ukambani, kitu kilichoua mtu hakitumiki mpaka mzee akinyunyizie ng'ondu, dawa ya kutakasa. Lakini mjomba alikuwa ameokoka. Alisema amekwisha kuomba, na hayo mengine ni ushenzi. Muthoki, mkewe, alimvuta kando.

“Baba Mutindi, hiyo kitu iwache leo,” alinong'ona.

“Na hawa watoto wao watakula nini?”

Alilegeza nati ya chini, akapunguza oili mpaka ikakaa sawa kwenye alama. Akawasha.

Ilisaga vizuri debe la kwanza. Halafu ikaanza kulia, sauti ikipanda. Mjomba akafunga dizeli. Haikuzima. Ikazidi. Hapo akajua injini inakunywa oili yake yenyewe. Moshi ukajaa. Akina mama wakakimbia. Akavua shati, akaziba mdomo wa kuvutia hewa, akalikandamiza kwa kifua. Injini ikavuta. Akahisi inavuta na pumzi zake.

Ikanyamaza.

Akachomoa kijiti. Kikavu. Galoni nzima ilikuwa imekwenda, na sakafuni hapakuwa na tone.

Tangu siku hiyo mjomba alikohoa. Kila asubuhi alijipangusa mdomo kwa kitambaa, akakiinua kwenye mwanga, akakitazama kwa makini. Muthoki alikichungulia, akaona weusi unaoteleza. Alimlilia akubali mzee aitwe. Mjomba alitikisa kichwa.

“Bado haijafika alama ya juu,” alimwambia polepole.

Alikufa mvua zilipoanza. Maji aliyooshewa yalimwagwa nyuma ya nyumba, na mpaka leo hapaoti nyasi. Mvua ikinyesha, dimbwi la pale hufanya rangi rangi, na mbuzi huja na kiu, wakainama, wakaondoka bila kunywa. Nilimpenda sana mjomba wangu. Lakini nikienda kumsalimu Muthoki, nazunguka kwa mbele.