Sahani ya Ukutani

Zahanati ilitaka mchoro wa chakula bora ukutani, kando ya mlango wa chumba cha vipimo. Kazi alipewa mchoraji wa mabango ambaye watu walimwita Fundi Rangi, mzee mcheshi mwenye madoa ya rangi mpaka kwenye nyusi.

Akiwa juu ya ngazi, Fundi alikuwa mbali na dunia. Katika ukuta mweupe aliona mvuke ukipanda taratibu na mchuzi ukimeremeta. Alichora kama anayeota. Kitu kimoja tu kilimwamsha: mkojo. Alishuka, akasimama chooni muda mrefu, yakatoka matone. Alipanda. Kabla hajachovya brashi, akashuka tena.

Mkewe alipomletea chakula, alimkuta ameegemea ngazi, amechoka.

"Baba watoto, mlango wa daktari ndio huu. Ingia basi!"

"Ngoja nimalize sahani kwanza."

"Kila siku ngoja, ngoja. Mimi naogopa kubaki peke yangu, unasikia?"

Alisikia. Akajifanya anatafuta brashi.

Muuguzi alitoka, akautazama ukuta, akacheka. Nyama choma ilijaa sahani nzima. Mboga zilijibanza pembeni, ndogo kama kifungo cha shati.

"Fundi, sahani hii ni ya mtu au ya simba?"

"Ni yangu, Nesi. Nimechora ninachokijua."

"Na huku kushuka kila mara?"

"Uzee tu."

"Usiupuuze. Wanaume wana tezi dume, chini ya kibofu. Umri ukienda, mara nyingi hukua na kubana njia ya mkojo. Wakati mwingine ni saratani. Bila vipimo hatujui."

"Basi nitakula mboga, yaishe."

"Chakula kinausaidia mwili, lakini hakichukui nafasi ya vipimo. Nusu ya sahani iwe mboga na matunda. Kula nyanya zilizopikwa, maharage, samaki. Punguza nyama nyekundu na mafuta. Maji kunywa mchana. Jioni punguza vinywaji, hasa chai na kahawa."

Fundi aliutazama mlango. Aliogopa kweli kweli. Mkewe akamshika mkono uliojaa rangi, wakaingia pamoja.

Tezi ilikuwa imekua, lakini daktari hakuona dalili za saratani. Fundi alipewa dawa na tarehe ya kurudi. Nyumbani mke alibadilisha sahani, na ukutani Fundi akabadilisha ya kwake. Nyama ikabaki kipande. Mboga zikatanda, nyanya zikawaka, mpaka wagonjwa wakawa wanazigusa kwa vidole. Wiki zilivyopita, safari za chooni zilipungua, na Fundi akaota ndoto zake kwa amani.

Siku ya kumalizia, dereva mmoja wa lori alisimama mbele ya mlango ule. Alichezea funguo zake, haingii, haondoki.

"Mchoro mzuri, mzee," alisema. "Hivi humo ndani wanaumiza?"

Fundi akashuka ngazi. Safari hii hakuwa anakwenda chooni.

"Twende," alisema. "Nitakusindikiza."