Namba ya Pikapu kwenye Kigari cha Shambani

Kila asubuhi kabla ya shule, Kakenya alimsaidia mama yake, Florence, kukamua ng'ombe nyumbani kwao nje ya Isinya. Alichuja maziwa, akayamimina kwenye mitungi na kukaza vifuniko. Kisha baba yake, Mzee Metito, ambaye Kakenya alimwita Papa, aliipakia mitungi kwenye kigari chake na kuipeleka Noonkopir, kule Kitengela, kwa wauzaji wa maziwa.

Kigari chenyewe kilitoka ng'ambo. Kilikuwa na magurudumu manene ya kukanyaga matope, viti viwili na sanduku la mizigo nyuma. Milango hakikuwa nayo. Dennis, mwanafunzi mwenzake Kakenya, alipokiona mara ya kwanza alicheka hadi akashika tumbo.

"Kakenya, hiyo ni gari ama ni panzi?"

"Umeona panzi wapi amebeba maziwa?" Kakenya alimjibu.

Ili kukinunua, Papa aliuza mitamba yake yote. Aliyemuuzia alimhakikishia kwamba akiongeza taa na vioo, kitaruhusiwa barabarani. Papa akakipeleka kwa Muteti, fundi wa magari pale Isinya. Muteti aliweka vioo, honi na indiketa, lakini alimwambia, "Mzee, niko na wasiwasi. Hii ilitengenezewa shamba. Itumie huko kwa malisho tu."

Mkaguzi wa magari naye alisema vivyo hivyo. Kigari kiliingia nchini kama mashine ya shamba. Breki zake na magurudumu yake havikufaa mwendo wa lami. Taa na vioo havingebadilisha hayo. Akakataa kukisajili.

Papa alirudi nyumbani amenuna. Kesho yake alimwita Kakenya nyuma ya zizi, palipokuwa na pikapu yao ya zamani iliyokufa injini.

"Wewe uko na mwandiko mzuri. Niandikie namba hii kwenye bati."

"Papa, si hii ni namba ya pikapu?"

"Na pikapu si yangu? Andika, entito ai, binti yangu."

Kakenya akaandika, na Papa akalifunga bati hilo nyuma ya kigari.

Kwa muda maziwa yalifika mjini bila shida. Kisha Jumamosi moja, Kakenya akiwa ameketi kando ya baba yake, askari wa kike aliwasimamisha kwenye barabara kuu. Malori ya kwenda mpakani Namanga yalipita yakiwatikisa. Askari alipiga simu, akasikiliza, akakizunguka kigari.

"Namba hii ni ya pikapu nyeupe. Mzee, hii ni pikapu?"

"Afande, mimi sijui mambo ya namba," Papa alisema. "Fundi Muteti ndiye aliibandika."

Askari wengine walitumwa kumchukua Muteti. Wakamleta mikono ikiwa bado na grisi.

"Mzee, ni mimi?" Muteti aliuliza. "Si nilikuambia uitumie shambani?"

Papa aliangalia pembeni. Askari akatoa pingu. Kakenya alijua kwamba akifungua mdomo, pingu zile zitakuwa za baba yake.

"Ni mimi niliandika," alisema. "Papa ndiye aliniambia. Muteti hakujua."

Papa alimgeukia. "Umeniuza," alisema.

Muteti akaachiliwa, Papa akachukuliwa. Mahakamani Kajiado alikiri kosa, akatozwa faini na kuonywa kwamba kigari kisikanyage tena barabara. Kililetwa nyumbani juu ya lori. Florence aliuza baadhi ya ng'ombe wa maziwa ili faini ilipwe. Maziwa yaliyobaki yalipelekwa kwa bodaboda, na mara nyingi yalifika yameharibika.

Asubuhi Kakenya aliinamisha kichwa, kama watoto wa Kimaasai wanavyowaamkia wakubwa, ili baba yake amguse utosini. Papa alimpita.

"Lia tu, mwanangu," mama yake alimwambia alipomkuta zizini. "Lakini usijute."

Siku nyingi zilipita kabla Papa hajamwita Kakenya waende kwa Muteti. Walimkuta chini ya lori.

"Nimekuja kuomba msamaha," Papa alisema.

Muteti alitoka, akapangusa mikono polepole. "Nimekusamehe, mzee. Lakini ukiharibikiwa tena, tafuta fundi mwingine." Akarudi chini ya lori.

Wakirudi nyumbani, Papa alisimama njiani.

"Niliona kama nimeonewa kunyimwa barabara," alisema. "Kumbe ningekugongesha na lori, wewe na wengine. Sasa kigari kitabeba maji malishoni, na hilo nitalivumilia. Lakini Muteti nimempoteza kwa mdomo wangu mwenyewe. Siku ile uliposema kweli nilikuchukia, Kakenya. Kusema kweli kunaweza kukuletea chuki kama hiyo, hata kutoka kwa baba yako. Siku nyingine ikibidi, sema hivyo hivyo."